Saini ya Fundi: Namna ya Kuingia Kwenye Matengenezo ya Ndege, Uraiani na Jeshini

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka napokea simu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kijana: "Mjomba shikamoo. Nimepata C ya Fizikia na C ya Hesabu, nataka ndege. Nianzie wapi?" Ya pili ni ya mtu mzima aliyevaa magwanda zaidi ya miaka kumi, aliyefungua na kufunga injini za ndege za kivita kwa mikono yake, mkataba umekwisha, na sasa kampuni ya ndege za abiria inamwambia hana sifa hata ya kubadili tairi bila kusimamiwa. Mmoja ana hamu, mwingine ana uchungu, ila wanachotafuta ni kimoja: saini.

Fundi wa ndege halipwi kwa kushika spana. Wanaojua spana wapo tele hata gereji za mtaani. Analipwa kwa jina lake kukaa chini ya karatasi inayosema kazi hii imefanywa kama kitabu kinavyotaka na ndege iko salama kuruka. Kila hatua nitakayoeleza hapa, ya uraiani au ya jeshini, ipime kwa swali hilo: inanisogeza karibu na saini au inanizungusha?

Hatua ya kwanza: jua unataka kazi ipi

Hapa ndipo wengi wanapotea mapema, na wazazi wanapotea pamoja nao. Digrii ya uhandisi wa anga inakufundisha kukokotoa na kusanifu: kwa nini bawa linainua, chuma kinachoka vipi, injini inakula mafuta kiasi gani. Ni elimu nzuri na ina ajira zake, kwenye ofisi ya mipango ya kampuni, kwa watengenezaji, au ukaguzi kwenye mamlaka. Lakini haikupi haki ya kuruhusu ndege kuruka. Haki hiyo iko kwenye leseni ya ufundi inayotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, UCAA kwa Uganda. Nimeshuhudia mwenye digrii nzuri amesimama kwenye maegesho ya ndege saa tisa usiku, akimsubiri mwenye stashahada aje atie saini.

Mwenye leseni naye huwa wa upande mmoja kati ya miwili. Kuna fundi wa bodi na injini, anayeshughulika na miguu ya ndege, mabawa, haidroliki, mafuta na injini yenyewe. Na kuna fundi wa avioniki, wa umeme, redio, vyombo vya rubani na kompyuta za ndege. Mbali na hao wapo mafundi wa mabati na kompoziti, wapaka rangi, watu wa stoo ya vipuri na wapanga ratiba za matengenezo. Hizo ni kazi za heshima, na nyingi hazidai leseni, kwa hiyo ni mlango mzuri kwa aliyetoka VETA na cheti cha uchomeleaji au umeme.

Sasa herufi, maana zimewachanganya watu wazima sembuse vijana. Wakongwe wa hangani, yaani kwenye banda la kutengenezea ndege, wanaongea lugha ya mfumo wa zamani wa Uingereza: A ni bodi, C ni injini, X ni umeme, vyombo na dira, R ni redio. Mfumo wa Ulaya unatumia herufi hizohizo kwa maana nyingine kabisa. Huko A ni fundi wa kazi ndogondogo anayeruhusiwa kusaini alichokifanya mwenyewe tu. B1 ni bodi na injini, B2 ni avioniki, na C ni yule anayesaini kwamba ndege kubwa iko tayari kuruka baada ya matengenezo mazito. B1 nayo imegawanyika: B1.1 ni ndege za turbini, B1.2 ndege za pistoni, B1.3 helikopta za turbini, B1.4 helikopta za pistoni. Kwa hiyo ukiona tangazo linataka fundi wa "C", kabla hujafurahi uliza ni C ya nani.

Hatua ya pili: masomo na mwili

Fizikia, Hesabu na Kiingereza. Kemia inasaidia. Kama uko kidato cha pili na unasoma hapa, huna haja ya kutafuta ujanja wowote zaidi ya hayo.

Kiingereza nakitaja kwa sababu vijana wanakidharau. Vitabu vya watengenezaji vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi vinafuata kanuni iitwayo ASD-STE100, Kiingereza kilichopunguzwa makusudi. Maneno ni machache, kila neno lina maana moja, sentensi ni fupi. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi ambao Kiingereza si lugha yetu ya mama. Huhitaji kuongea kama mtangazaji wa redio, ila uweze kusoma maelekezo mara moja ukayaelewa kama yalivyo, bila kujazia kwa kubahatisha.

Upande wa afya, kanuni za kimataifa hazimtaki fundi awe na cheti cha daktari kama rubani. Lakini mwajiri anaweza kukupima, na jeshi litakupima bila shaka. Pima macho yako mapema, hasa uwezo wa kutofautisha rangi. Nyaya za umeme zina rangi, na haidroliki, yaani mafuta yanayosukuma mitambo ya ndege kwa shinikizo, nazo: ile ya zambarau ya ndege kubwa, Skydrol, na ile nyekundu ya ndege nyingi ndogo na za kijeshi hazichanganywi hata tone. Na Skydrol ikikuingia jichoni mara moja tu, hutasahau miwani ya kinga maisha yako yote.

Hatua ya tatu: chuo

Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege. Kenya kuna East African School of Aviation pale Embakasi, na vyuo vya binafsi kuzunguka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambako karakana za ndege ndogo zimebanana kama maduka ya Kariakoo. Uganda kuna chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Nje kidogo ya jumuiya yetu, Addis Ababa, shirika la Ethiopian lina chuo kikuu chake cha anga kinachopokea wanafunzi kutoka Afrika nzima.

Angalia mtego mmoja. Chuo cha Embakasi kifupi chake ni EASA. Wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, wenye leseni inayotafutwa Ghuba na kwingineko, nao kifupi chao ni EASA. Hawa ni watu wawili tofauti. Chuo cha Embakasi hakina kosa lolote kwa kuitwa hivyo, lakini wapo madalali wanaokuuzia "kozi ya EASA" bila kusema ni ipi. Ukiahidiwa leseni ya Ulaya, omba namba ya idhini ya Part-147, yaani idhini ya Ulaya ya kufundisha mafundi wa ndege, ya chuo husika uitafute mwenyewe.

Popote unapokwenda, kabla ya kulipa ada nenda kwa miguu yako ukaulize. Idhini ya mamlaka mliyonayo ni ya kozi ipi hasa, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya wahudumu wa ndege na kisiwe na ya mafundi. Injini ngapi zipo ambazo mwanafunzi anazifungua kwa mkono wake, si za kupigia picha? Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, mnatupeleka wapi, na barua za kuomba nafasi anaandika nani? Kisha tafuta wahitimu wawili wa miaka mitatu iliyopita uwaulize swali moja: una leseni? Jibu lao lina uzito kuliko kipeperushi cha chuo chenye picha ya Boeing.

Kuhusu muda, Kiambatisho cha Kwanza cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaweka kima cha chini: umri wa miaka 18, na uzoefu wa miaka 4 wa kazi ya matengenezo kwa leseni ya ndege nzima, au miaka 2 kama umemaliza kozi iliyoidhinishwa. Kila nchi inaweza kuongeza juu ya hapo. Kwa hiyo chuo kilichoidhinishwa kinakupunguzia miaka miwili ya kusubiri, wakati kisichoidhinishwa kimekuuzia ujuzi tu, na saa inaanza kuhesabu siku utakayoingia hangani.

Hatua ya nne: logibuku, tangu siku ya kwanza

Hapa naomba tukae kidogo.

Logibuku ni daftari la kazi zako. Kila kazi uliyofanya, tarehe, ndege, namba ya kadi ya kazi (karatasi ya maelekezo ya kazi hiyo), na saini ya mwenye leseni aliyekusimamia. Mamlaka ikitaka kujua kama una miaka miwili ya uzoefu, haitakuangalia usoni wala kupima ukubwa wa viganja. Itafungua daftari hilo. Kazi isiyoandikwa ni sawa na kazi ambayo hukuifanya.

Nilipokuwa fildi, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuosha kompresa, sehemu ya injini inayovuta na kubana hewa. Ndege ndogo za Caravan zinazokwenda na kurudi Zanzibar siku nzima zinavuta hewa ya bahari, na chumvi inashika kwenye visu vya kompresa ya injini ya PT6. Jioni unaunganisha bomba la maji safi kwenye injini, mwenzako aliyeko chumba cha rubani anaizungusha injini kwa stata bila kuiwasha, unapuliza maji kwa muda ulioandikwa kitabuni, unaacha yachuruzike. Kisha injini inakaushwa. Maji yanakurudia usoni, viatu vinaloa, na ndege inayofuata inakusubiri. Usiku mmoja niliosha tatu. Asubuhi nikampelekea mzee aliyekuwa ananisimamia daftari langu nimeandika: "Nimesaidia kazi ya injini."

Akasoma, akanirudishia.

"Kazi gani?"

"Kuosha, mzee."

"Ndege ipi? Kwa kadi namba ngapi? Wewe ulishika nini, bomba au stata? Ulitazama nini baada ya maji kutoka?"

Nikakaa chini kuandika upya. Tarehe, aina ya ndege, usajili wake, modeli ya injini, namba ya kadi, sura ya kitabu, "nimefunga bomba la kuoshea, nimepuliza maji hatua ya kwanza na ya pili, nimerudisha vifuniko, nimekagua uvujaji chini ya usimamizi". Mistari minne badala ya mmoja. Akatia saini na namba ya leseni yake bila neno jingine. Miaka baadaye, nilipokaa mbele ya mkaguzi wa mamlaka, kurasa alizoniuliza zilikuwa zile za mistari minne. Zile za mwanzo, za "nimesaidia", alizipita kama hazipo.

Kwa hiyo andika siku ileile. Saini nayo itafute wiki ileile, maana wasimamizi wanahama kampuni, wanakwenda Doha, wanafariki. Kamwe usisainiwe kazi ambayo hukuifanya, hata ukiahidiwa na rafiki, kwa sababu mkaguzi mzoefu akikuuliza ile nati ilikaa upande gani, utajua hujui. Piga picha kurasa zote kila mwezi uzihifadhi mahali pengine. Daftari moja likilowa limekwenda na miaka yako. Na hakikisha kazi zako zina mchanganyiko. Mwenye kurasa mia mbili za kubadili matairi ana uzoefu wa kubadili matairi.

Hatua ya tano: mitihani

Mfumo wa Ulaya, unaofuatwa au kuigwa na nchi nyingi, una moduli, yaani masomo yenye mtihani wake kila moja: Hesabu, Fizikia, misingi ya umeme na elektroniki, mifumo ya dijitali, vifaa na malighafi, taratibu za matengenezo, aerodinamiki, tabia za binadamu kazini, sheria, kisha moduli kubwa za ndege yenyewe, injini na pangaboi. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Marekani wana njia yao: mitihani mitatu ya maandishi, wa jumla, wa bodi na wa injini, alama 70, halafu unahojiwa kwa mdomo na unafanya kazi mbele ya mtahini. Afrika Mashariki, wakala wa usalama wa anga wa jumuiya, CASSOA, wenye makao Entebbe, unazisaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni zao. Ratiba na ada za mitihani uliza mamlaka yako moja kwa moja. Usiulize kundi la WhatsApp.

Vijana wanakimbilia moduli ya injini na kuiacha ile ya tabia za binadamu mwisho, wakidhani ni maneno matupu. Wasome kisa cha tarehe 10 Juni 1990. Ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, ilikuwa inapanda juu ya Oxfordshire, Uingereza, kioo cha mbele cha upande wa kapteni kikachomoka. Kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton. Alipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari hiyo, na msimamizi wa zamu, mtu mzoefu mwenye sifa nzuri. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti ya inchi 0.026 tu, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Alizichagua kwa kulinganisha na ya zamani kwa macho, kwenye mwanga hafifu, badala ya kufungua katalogi ya vipuri. Isitoshe, zile za zamani zenyewe hazikuwa sahihi.

Hakuwa mvivu. Alikuwa amebanwa na muda na alijiamini. Moduli hiyo ndiyo inayokueleza kwa nini saa tisa usiku macho yako ni shahidi wa uongo.

Hatua ya sita: taipu, na idhini ya kampuni

Umepata leseni, sherehe imefanyika nyumbani, mama ameshona nguo mpya. Kesho yake bado huwezi kusaini ndege kubwa. Leseni ni msingi. Juu yake kuna idhini ya aina ya ndege, tunayoiita taipu. Air Tanzania peke yake ina Dash 8-400, Airbus A220, Boeing 737 MAX, 787 na 767 ya mizigo, na kila moja ni kozi yake. Precision Air wako kwenye ATR. Kozi ya taipu ni ghali, na kwa kawaida kampuni inakulipia kwa mkataba wa kukaa nao miaka kadhaa. Soma kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema. Watu wamekisaini kwa furaha, wakaja kukijua siku ya kuaga.

Baada ya taipu, kampuni nayo inakupa idhini yake ya ndani na mhuri wenye namba. Hapo ndipo saini inakamilika. Na ina kutu: kwa kanuni za Ulaya lazima uwe umefanya kazi angalau miezi 6 ndani ya miaka 2 iliyopita, la sivyo huruhusiwi kuitumia.

Kama ni mimi ningekushauri uanzie ndege ndogo, hata kama roho inapenda 787. Kwenye Caravan utafungua injini, miguu, umeme na mabati wiki moja, na logibuku itanenepa. Kwenye kampuni kubwa kijana mgeni anaweza kuzungushwa kwenye viti vya abiria na vyoo kwa mwaka mzima.

Njia ya jeshi

Tanzania, ndege za kijeshi ziko chini ya Kamandi ya Jeshi la Anga ndani ya JWTZ, na vijana wengi wanaingia wakipitia JKT. Kenya kuna Jeshi la Anga lenye kambi Laikipia, Nanyuki, na Eastleigh, Nairobi. Nafasi zinatangazwa hadharani na Makao Makuu ya Jeshi. Sifa, umri na vyeti viko ndani ya tangazo, na kwa kawaida mwenye taaluma huongezewa kidogo kwenye ukomo wa umri. Hakuna ada. Anayekuomba "ya soda" ili jina lako lipite ni tapeli, hata kama ana picha amevaa sare, hata kama ni binamu wa shemeji yako.

Jambo ambalo wanaotaka jeshi kwa ajili ya ndege hawaambiwi ni kwamba wewe ni askari kwanza. Utakwenda mafunzo ya awali kama kila kuruta, kisha jeshi ndilo litakaloamua ukae kwenye fani gani kwa mahitaji yake. Unaweza kuomba ndege ukapangiwa magari. Ukiingia tayari na stashahada ya matengenezo ya ndege, uwezekano wa kupangwa huko ni mkubwa kuliko wa aliyeingia na cheti cha kidato cha nne pekee. Ndiyo maana mwenye uwezo wa kusoma kwanza ninamwambia asome kwanza.

Ukifika kwenye kikosi cha anga utakuta fani zimekatwa vipande vidogo kuliko uraiani. Kuna wa injini, wa bodi, wa umeme na rada, wa silaha, na wa kiti cha kuchomoka, kile kinachomrusha rubani nje ya ndege kwa baruti na kisichomsamehe fundi aliyesahau pini ya usalama. Utajifunza nidhamu ya vifaa ambayo kampuni nyingi za raia zinaitamani: kila spana ina kivuli chake kwenye ubao, na jioni ubao ukiwa na pengo moja, ndege hairuki na hakuna anayelala mpaka spana ionekane. Mshahara hauchelewi, chakula kipo, matibabu yapo. Kwa kijana asiye na wa kumlipia ada, si njia ya kubezwa hata kidogo.

Shida inaanza siku ya kutoka, na chanzo chake ni karatasi ya mwaka 1944. Mkataba wa Chicago, ulioanzisha ICAO, unasema kwenye Ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi zinahesabiwa ni za serikali na haziguswi na mkataba huo. Kwa hiyo jeshi lina kanuni zake, vitabu vyake na idhini zake za kusaini ndani. Mamlaka ya kiraia haikukatai kwa sababu hujui kazi. Haijui ulifanya nini, kwa kitabu gani, chini ya nani. Nchi nyingi zinakubali uzoefu huo kwa sehemu. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinautambua kama unalingana, lakini zinadai juu yake miezi 12 ya kazi kwenye ndege za kiraia kwa B1 na B2, na miezi 6 kwa A.

Basi ukiwa bado ndani ya sare, fanya mambo haya. Weka logibuku yako binafsi kwa mtindo wa kiraia, lakini omba ruhusa ya mkuu wako kwanza na uandike kazi za kawaida tu: magurudumu, breki, jenereta, pampu, ukaguzi wa ratiba. Mifumo ya silaha, idadi za ndege, picha za hanga, nakala za vitabu vyenye mhuri wa siri, hayo usiyaguse. Hakuna leseni inayofidia mahakama ya kijeshi. Hifadhi kila cheti cha kozi, hasa kile chenye saa za mafunzo na orodha ya masomo, kwa sababu cheti kinachosema "amehudhuria" peke yake kinamsaidia mkaguzi kidogo sana. Ukipata nafasi ya kupangwa kwenye ndege za usafirishaji au helikopta ambazo zina ndugu zao uraiani, ikimbilie, maana uzoefu wa ndege hizo unaeleweka na mkaguzi kirahisi kuliko wa ndege ya kivita. Na anza moduli za Hesabu, Fizikia na Sheria ukiwa bado unalipwa mshahara.

Kwa walioko nje

Waswahili walioko Marekani wanauliza sana juu ya jeshi la huko. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujiunga, lakini kazi nyingi zinazodai kibali cha usalama ni za raia wa Marekani, hivyo uliza mapema ni fani zipi za ndege ziko wazi kwako. Mtihani wa kuingilia, ASVAB, una sehemu za mekanika na elektroniki, na alama zake ndizo zinazoamua fani. Usisaini mkataba ambao fani ya matengenezo ya ndege haijaandikwa ndani yake; maneno ya afisa wa kuandikisha hayamo kwenye mkataba.

Huko pengo kati ya jeshi na uraia limejengewa daraja kuliko kwetu. Leseni yao ya bodi na injini, A&P, inadai uzoefu wa miezi 18 kwa upande mmoja au 30 kwa pande zote mbili, na kazi ya jeshini inahesabika ukiithibitisha. Liko baraza la pamoja la majeshi yao, JSAMTCC, linalowaongoza askari mafundi wapate hati ya kustahili mitihani. Mtu anaweza kuvua sare akiwa na leseni mfukoni.

Ila akirudi Dar au Mombasa na A&P yake, asidhani itatumika ilivyo. Mamlaka ya hapa itaiangalia, itampa mtihani wa sheria za hapa au zaidi, ndipo aguse ndege iliyosajiliwa hapa. Anayekwenda Ghuba hali ni hiyohiyo: leseni ya Tanzania au Kenya inakupa usaili, na ile ya Ulaya inakupa usaili mwingi zaidi.

Jalada la kutokea jeshini

Nirudi kwa yule wa simu ya pili, maana swali lake ni gumu kuliko la kijana. Rafiki yangu alitoka kikosini baada ya miaka 14, mikono yake ni ya dhahabu, na jalada lake lilikuwa na cheti cha utumishi mwema na picha ya gwaride. Tulianza na barua. Aliwaandikia waliokuwa wakuu wake kupitia ofisi husika akiomba uthibitisho wa mambo matano: fani yake, aina za ndege alizozihudumia, tarehe za kuanza na kumaliza kila kituo, ngazi ya idhini ya kusaini aliyokuwa nayo ndani, na kozi alizosoma. Barua za kwanza hazikujibiwa. Alikwenda mwenyewe, akasubiri kwenye benchi, akarudi tena. Mwezi wa nne akapata kurasa mbili zenye mhuri.

Kwa kurasa hizo akaenda mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kwenda kwa mwajiri yeyote, akauliza kwa maandishi: kati ya haya mnanihesabia nini, na kimebaki nini? Wakamhesabia sehemu. Kilichobaki ni moduli kadhaa na kipindi cha kazi kwenye ndege za kiraia chini ya usimamizi. Jibu hilo la maandishi ndilo alilolipeleka kwa waajiri, na lilibadili mazungumzo yote, kwa sababu sasa kampuni ilikuwa inaona mtu aliyebakiza hatua zinazohesabika.

Alianza kama msaidizi kwenye kampuni ya ndege ndogo, kwa mshahara ambao hakumwambia mkewe wiki ya kwanza. Bosi wake wa zamu anazidiwa naye umri kwa miaka tisa na bado anamwamkia shikamoo kabla ya kumpa kadi ya kazi. Usiku wake wa kwanza walimpa kuosha kompresa. Asubuhi akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa logibuku mpya: mistari minne, usajili wa ndege, namba ya kadi, na pembeni nafasi tupu inayosubiri saini ya kijana.